Reli Tatu Kando ya Beni na Butembo, na Skeli za Treni Ndogo

Reli haijawahi kufika Beni wala Butembo, miji ya mashariki mwa Kongo. Ilikaribia kutoka pande tatu, mashariki, kaskazini na magharibi, na kila upande ilikuja na upana wake. Upana huo, yaani nafasi iliyopo kati ya vyuma viwili, ndio jambo la kwanza la kujua kwa yeyote anayetaka kuunda treni ndogo za eneo hili, kwa kuwa ndio unaoamua skeli (kiwango cha kupunguza ukubwa) ipi itafaa na ipi itamsumbua.

Upande wa mashariki, Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu 1901, Kampala 1931, na hatimaye Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Upana wake ni milimita 1,000, kipimo kilichozoeleka India, ambako vifaa na wajenzi wengi walitoka. Kasese iko chini ya milima ya Ruwenzori, upande wa Uganda, na kutoka mpaka wa Kasindi hadi Beni ni kilomita 80 hivi. Hakuna treni nyingine iliyowasogelea Wanande, wenyeji wa Beni na Butembo, kiasi hicho.

Kaskazini ilikuwapo Vicicongo, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1924. Reli yake ilitoka Aketi, ikapita Isiro na kuishia Mungbere mwaka 1937. Upana wake ulikuwa milimita 600 tu. Reli ya namna hiyo hutumia vyuma vyepesi na mataruma mafupi, nayo hukata kona kali bila kuchimba sana ardhi, kwa hiyo gharama hupungua. Ilitosha kusomba pamba ya Uele.

Magharibi, kampuni ya CFL iliyoundwa mwaka 1902 ilijenga vipande vya reli palipo na maporomoko ya mto Kongo. Kipande cha Kisangani hadi Ubundu, kilomita 125, kilifunguliwa mwaka 1906 kwa upana wa milimita 1,000. Vipande vya kusini, kutoka Kindu hadi Kalemie, navyo vilianza hivyo hivyo, lakini mwaka 1955 vilipanuliwa hadi milimita 1,067 ili viungane na reli za Katanga. Kile cha Kisangani kikaachwa peke yake. Milimita 67 zilitosha kufanya behewa la Ubundu lisiweze kutembea juu ya reli ya Kindu.

Katika treni ndogo, skeli inayotumika zaidi duniani ni 1:87, iitwayo HO, kwa maana ya nusu ya skeli ya O iliyoitangulia. Njia yake ya kawaida ina upana wa milimita 16.5, ambao ni sawa na reli ya milimita 1,435, kama ile mpya ya Mombasa na Nairobi iliyofunguliwa 2017. Mtu akiweka injini ya Kasese juu ya njia hiyo atakuwa amekosea, maana itaonekana imetanua miguu. Milimita 1,000 zikigawanywa kwa 87 hupatikana 11.5, na watengenezaji hutumia njia ya milimita 12. Sasa 1,067 kwa hesabu hiyo hiyo ni 12.3. Kwa hiyo njia moja ya milimita 12 inatosha kwa Kasese, Ubundu na Kindu, na jicho halitatambua tofauti iliyozitenga reli hizo kwa miaka mingi.

Vicicongo ni ngumu zaidi. Milimita 600 kwa 1:87 ni 6.9, na njia iliyo karibu ni ile ya milimita 6.5, iliyotengenezwa kwa skeli ndogo ya Z (1:220), ambayo Märklin ya Ujerumani iliitoa mwaka 1972. Njia ipo, lakini mataruma yake ni madogo mno na yamebanana. Fundi makini huyang'oa akaweka ya mbao, moja moja. Anayeipenda Vicicongo yenyewe afadhali aende 1:19, skeli inayopendwa Uingereza kwa reli nyembamba za bustanini. Njia yake ni milimita 32, na 600 kwa 19 ni 31.6.

Kwa reli ya mita moja, skeli kubwa inayolingana ni 1:22.5 yenye njia ya milimita 45, iliyoenezwa na kampuni ya LGB tangu 1968. Tatizo ni nafasi. Injini za mvuke aina ya Garratt za daraja la 59, zilizofanya kazi kati ya Mombasa na Nairobi, zilikuwa na urefu wa karibu mita 32; kwa 1:22.5 injini moja inazidi mita 1.4, na kwa 1:87 ni sentimita 37 hivi. Katika skeli ya N (1:160) inashuka hadi sentimita 20, lakini hapo fito za kuzungusha magurudumu zinakuwa nyembamba kama uzi.

Kwa kituo cha Kasese, 1:87 ndiyo inayofaa kuliko zote, kwa sababu mfano wa kweli wa eneo hili hauishii kwenye reli. Kahawa ya Beni na Butembo ilivuka Kasindi kwa malori, na njia za vilimani ni za chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, yenye magurudumu yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu. Chukudu ya mita mbili kwa 1:87 ni milimita 23: inachongeka kwa wembe, na usukani wake unashikika kwa kibano. Kwa 1:160 inabaki milimita 12.5, na mpira wa gurudumu hauonekani tena.