Kijana Aliyeshitakiwa kwa Kufungua Diski Yake

Januari 2000, askari wa Økokrim, kitengo cha polisi cha Norwe kinachoshughulikia makosa ya kiuchumi, walifika nyumbani kwa akina Johansen. Waliondoka na kompyuta na simu ya mkononi. Waliyemfuata, Jon Lech Johansen, alikuwa na miaka 16. Miezi michache kabla, yeye na wenzake wawili waliojificha majina walitoa kwenye intaneti kiprogramu kilichoitwa DeCSS.

Filamu za DVD zilipigwa kufuli liitwalo CSS. Kila mtengenezaji wa deki au programu ya kuchezea alipewa ufunguo wake kwa mkataba, sharti aufiche. Ufunguo wenyewe ulikuwa wa biti 40, mfupi hata kwa wakati ule. Programu moja, ya kampuni ya Xing, iliuacha wake bila kuuficha, kama mtu aliyefunga mlango akausahau ufunguo unaning'inia kitasani. Kwa ufunguo huo DeCSS ikalifungua kufuli.

Hollywood ikaja juu. Huko New York, Agosti 2000, Jaji Lewis Kaplan alilizuia jarida la wadukuzi la 2600 kusambaza DeCSS, na hata kuwaelekeza wasomaji inakopatikana. Sheria ya Marekani ya 1998 inakataza kusambaza zana ya kuvunjia kufuli, na kama diski ni yako au si yako, hilo halikumwokoa mtu. Wabishi wakauchapa msimbo wa DeCSS kwenye fulana, wakatembea nao mitaani.

Norwe haikuwa na sheria ya namna hiyo. Waendesha mashtaka wakashika kifungu cha 145 cha sheria ya adhabu, ambacho asili yake ni kumbana mtu anayefungua barua bila haki. Mimi naona walijitegea wenyewe, maana swali likawa jepesi: barua hii ni ya nani? Januari 7, 2003, mahakama ya Oslo ikajibu kwamba aliyenunua DVD kihalali ana haki ya kuitazama, hata kwa njia ambayo mtengenezaji hakuikusudia. Mtu havunji kwake. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa tena Desemba 22 mwaka huohuo, ikanyoosha mikono.

Mwaka 2005 Bunge la Norwe lilipitisha sheria ya kukataza kuvunja makufuli hayo, ila likamwachia mnunuzi mwanya wa kuyafungua ili atazame alichokinunua kwenye kifaa cha kazi hiyo.