Kumtoa Mfalme Ilikuwa Nusu ya Kazi

Kuna beshte yangu hupenda kusema hivi: "Waamerika walikataa ushuru, wakamwaga chai baharini, wakamfukuza mfalme, wakapata nchi. Story imeisha." Mimi pia niliimeza hivyo hivyo nikiwa shule. Mwaka wa 1776, uhuru, fataki, basi. Kisha nikasoma kilichotokea kati ya 1776 na 1789, na enyewe nikaona tulirukishwa sehemu muhimu kuliko zote.

Tuanze na ile tunayoijua. Mwaka wa 1763 Uingereza ilimaliza vita na Ufaransa. Ilishinda, lakini ikabaki na deni kubwa. London ikaangalia makoloni yake 13 ya Amerika Kaskazini ikasema, tuliwapigania nyinyi pia, saidieni kulipa. Mwaka wa 1765 ikaleta ushuru wa stempu. Magazeti, karatasi za korti, hata karata za kucheza, zote zilitakiwa ziwe na stempu ya kulipia. Shida ni kwamba walowezi hao hawakuwa na mbunge hata mmoja kule London. Hoja yao ikawa moja: huwezi kuingiza mkono kwa mfuko wetu kama hatuna mtu wetu kwa Bunge lako.

Na ile chai? Wengi hudhani bei ilipanda. Wapi! Sheria ya 1773 ilifanya chai ya Kampuni ya East India iwe bei rahisi. Lakini ushuru mdogo ulibaki ndani yake, na ukiinunua umekubali kimyakimya kwamba London ina haki ya kukutoza. Wafanyabiashara wa pale nao waliona wanasukumwa pembeni. Usiku wa Desemba 16, 1773, makasha 342 ya chai yakaishia majini katika bandari ya Boston. Uingereza ikaifunga bandari hiyo. Mwaka wa 1775 risasi zikaanza, 1776 wakatangaza uhuru, na 1783 mkataba wa amani ukatiwa sahihi Paris.

Hapo ndipo beshte yangu hufunga kitabu. Mimi nasema, kifungue tena.

Watu waliokuwa wamechomwa na serikali yenye nguvu waliunda serikali isiyo na meno. Mkataba wao wa kwanza wa muungano, ulioanza kazi 1781, uliwapa Kongresi, lakini hakukuwa na rais wa kuongoza serikali, hakukuwa na mahakama za kitaifa, na Kongresi haikuwa na uwezo wa kutoza ushuru. Ilikuwa inaomba majimbo pesa. Kuomba tu. Na kubadilisha mkataba, lazima majimbo yote 13 yakubali. Kongresi ilipojaribu kuleta ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za kutoka nje, Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote, likasema hapana. Mpango ukafa.

Juni 1783, askari ambao hawakuwa wamelipwa walizingira jengo la Kongresi pale Philadelphia. Waheshimiwa wakahama mji, wakaenda kukutania Princeton. Fikiria hiyo. Umeshinda dola kubwa duniani, halafu unakimbizwa na askari wako mwenyewe juu ya mshahara.

Lakini iliyoniuma zaidi ni ya Massachusetts. Jimbo lilikuwa na madeni ya vita, likatoza kodi kali na kutaka pesa taslimu, ambazo wakulima hawakuwa nazo. Wengi wao walikuwa wamepigana vitani. Ukishindwa kulipa, korti. Ukitoka korti, shamba limeenda ama uko jela. Agosti 1786 wakulima wakaanza kufunga korti kwa nguvu ili kesi zisisikizwe. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Daniel Shays, aliyekuwa kapteni katika vita vya uhuru. Januari 1787 wakajaribu kuchukua ghala la silaha la Springfield. Mizinga ikawajibu, na wanne wakafa. Serikali kuu haikuwa na pesa za kutuma jeshi, kwa hivyo jeshi la kuwasaka lililipiwa na matajiri wa Boston.

Manze, soma hiyo tena. Mtu aliyepigana na mfalme juu ya ushuru anapigwa mzinga na jimbo lake juu ya ushuru.

Hata hivyo kuna kitu kilikuwa kimebadilika. Miezi michache baadaye wapiga kura walimtoa gavana James Bowdoin, na Shays akasamehewa mwaka wa 1788. Mfalme hungeweza kumpigia kura atoke.

Hofu ya wakulima hao ndiyo ilisaidia kuwakutanisha wajumbe 55 Philadelphia mwaka huo wa 1787. Madirisha yalifungwa kwenye joto la kiangazi ili siri zisitoke. Wakakubaliana kuwe na rais, mahakama kuu, na Kongresi inayoweza kutoza ushuru. Majimbo madogo yakapewa maseneta wawili sawa na makubwa. Ukiangalia Seneti yetu, ambapo kila kaunti kati ya 47 huchagua seneta mmoja bila kujali ukubwa, utaona wazo ni la ukoo huo huo.

Lakini wasee, tusipake rangi. Wale wale waliolilia uwakilishi walikubaliana kwamba watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu wakati wa kugawa viti. Watumwa wenyewe hawakuwa na kura. Mabwana zao ndio waliongezewa nguvu. Wanawake wengi hawakuwa na kura pia, na wenyeji wa ile ardhi hawakuulizwa kitu.

Washington aliapishwa New York, Aprili 30, 1789. Rhode Island ilijiunga 1790, kwa kura 34 dhidi ya 32. Orodha ya haki za raia ilipitishwa 1791, kwa sababu wananchi walikataa kuamini serikali mpya kwa maneno matupu.

Kwa hivyo mimi nabishana na beshte yangu hivi: kukataa ushuru wa mtu usiyemchagua ni haki, na walikuwa sawa. Lakini baada ya hapo bado kuna maswali. Nani atakusanya? Nani atahesabu? Nani anaweza kumtoa huyo anayekusanya? Na nani hayuko kwenye meza kabisa? Walitumia miaka 13 kutafuta majibu, na jibu la kwanza lilifeli, wakalitupa.

Sasa nikuulize. Ungekuwa mkulima wa Massachusetts mwaka wa 1786, umetoka vitani, barua ya korti iko mkononi, ungesema uhuru umefika?