Kuta za Lavaux na Mavuno ya Zabibu

Katika nchi ya Uswisi, mpakani mwa Ufaransa, liko ziwa liitwalo Léman, ambalo wageni wengi hulijua kwa jina la Ziwa la Geneva. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 580 hivi, na maji yake yamekaa mita 372 juu ya usawa wa bahari. Katika ufuko wake wa kaskazini, baina ya mji wa Lausanne na ngome ya Chillon, nchi huinuka ghafula kutoka majini, wala haimpi mtu nafasi ya kutua mguu ila penye ngazi au njia iliyochongwa. Mteremko huo, wenye urefu wa kilomita 30 hivi, ndio Lavaux. Jembe la kukokotwa na ng'ombe halikupata kuulima. Palipo na udongo, udongo huo umezuiwa na ukuta wa mawe. Na juu ya ukuta huo uko ukuta mwingine, na juu yake mwingine tena, mahali pengine hata daraja 40. Kuta zote zikiunganishwa zingefika kilomita 400 na zaidi.

Mgeni afikaye huko mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, majani ya mizabibu yanapoanza kugeuka rangi ya dhahabu, hukuta mteremko mzima una watu. Wakataji huinama katika mistari wakiwa na mikasi midogo, na nyuma yao huja wachukuzi wenye matenga mgongoni. Zabibu zilizo nyingi ni nyeupe, za aina iitwayo Chasselas, nyepesi wa ladha na zenye kufuata tabia ya udongo uliozilea. Wenyeji husema kwamba mizabibu yao huota jua mara tatu: jua la mbinguni, jua linalorudishwa na uso wa ziwa, na jua lililohifadhiwa na mawe ya kuta, ambalo hutoka polepole usiku. Ipo pia desturi ya kale ya kwamba mwanamke akisahau kichala nyuma yake, mwanamume akionaye kichala hicho huwa na haki ya kudai busu. Faini hiyo yaweza kuchekesha, lakini yaonyesha jinsi kichala kimoja kilivyohesabiwa.

Uzuri wa siku hizo chache waweza kumsahaulisha mgeni swali ambalo historia ya mahali hapo haiachi kuliuliza: nani alizijenga kuta hizi, na nani aliyekunywa kilichotoka ndani yake? Majibu ya maswali hayo mawili hayakuwa sawa hata mara moja katika muda wa karne nane.

Jibu la kwanza ambalo wageni hupewa ni watawa. Ni kweli, lakini si kweli yote. Katika karne ya 12 maaskofu wa Lausanne waliwapa watawa wa shirika la Cîteaux sehemu za mteremko wa Dézaley, ambazo zilikuwa mawe na vichaka, wazifanye mashamba. Watawa hao walikuwa na elimu ya kilimo na subira ya watu wasiotazamia kuvuna wao wenyewe. Lakini katika nyumba za shirika hilo kazi nzito ya shamba iliangukia aghalabu ndugu walei, watu wa nadhiri wasiokuwa na elimu ya kitabu, na baadaye wakulima waliopewa viwanja kwa sharti la kutoa sehemu ya mavuno. Majina ya watoaji wa ardhi yamo katika hati. Majina ya walioyapandisha mawe hayamo.

Mwaka 1536 majeshi ya mji wa Bern yaliiteka nchi yote ya Vaud, na dini ikageuzwa pamoja na utawala. Nyumba za watawa zilifungwa na mashamba yao yakapata mabwana wengine. Hata leo mji wa Lausanne una mashamba mawili huko Dézaley, Clos des Moines na Clos des Abbayes, ambayo majina yake bado yanawataja watawa ingawa hapana mtawa aliyebaki. Bern iliitawala nchi kwa maliwali wake mpaka mwaka 1798, yaani muda wa miaka 262. Kwa mkulima wa Lavaux badiliko hilo halikuwa kubwa kama lilivyokuwa kwa mhubiri, maana zaka na kodi ziliendelea. Aliyezipokea tu ndiye aliyekuwa mwingine.

Hapa ndipo siku ya kuvuna inapoingia katika mambo ya serikali. Mzabibu wa Dodoma, kwa ajili ya joto la nchi, waweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka; huu wa Léman huzaa mara moja tu, na majuma machache ya umande au mvua ya mawe yaweza kuuondoa mwaka mzima. Mwenye shamba aliyevuna mapema mno alipata divai chachu, na akawaharibia jirani zake jina la mahali. Tena mtoza zaka hakuweza kuwa katika mashamba yote kwa wakati mmoja. Kwa sababu hizo siku ya kuanza ilitangazwa na wakubwa, na kabla ya mbiu hiyo mtu hakuruhusiwa kukata hata zabibu zilizokuwa zake mwenyewe. Walinzi waliwekwa mashambani. Amri hiyo ilikuwa ulinzi, na ilikuwa pia kifungo. Ni vigumu kuyatenga mambo hayo mawili.

Amri hizo ziliacha faida ambayo hapana mtoza zaka aliyeikusudia. Tarehe zake ziliandikwa katika madaftari mwaka kwa mwaka, na kwa kuwa zabibu huwahi katika kiangazi cha joto na huchelewa katika kiangazi cha baridi, madaftari hayo yakawa kipimo cha hali ya hewa kwa nyakati zisizokuwa na vipimo. Mwaka 1870 Louis Dufour, mwalimu wa fizikia huko Lausanne, alizitumia tarehe za mavuno ya Vaud kuchunguza kama hali ya hewa ilikuwa imebadilika, na mwaka 1967 mwanahistoria Mfaransa Emmanuel Le Roy Ladurie aliifanya njia hiyo kuwa maarufu duniani. Mwaka 1816, baada ya mlima Tambora wa Indonesia kulipuka mwaka uliotangulia, mavuno ya Ulaya ya magharibi yalichelewa mno na njaa ikafuata. Mwaka 2003, kwa joto kali, yaliwahi mpaka mahali pengi mikasi ikashikwa katika mwezi wa Agosti. Karani aliyeandika tarehe kwa ajili ya zaka hakujua kwamba alikuwa akiandika habari za jua.

Mavuno yalihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwamo vijijini, na mikono hiyo ilitoka mbali. Mwaka 1691, wakati wa kuvuna, msichana asiyejulikana alifika katika kijiji cha Cully kufanya kazi kwa mjane mmoja mwenye mizabibu. Mwana wa mjane huyo aliitwa Jean Daniel Abraham Davel, naye alikuwa na miaka 20 na kitu. Msichana alimwambia mambo ya Mungu na ya maisha yake, kisha akaenda zake, na Davel hakumsahau. Aliishi Cully kama mthibitishaji wa hati na mwenye shamba, akapigana vita vya ugenini, akawa mkuu wa askari wa mgambo wa Lavaux. Tarehe 31 Machi 1723 aliingia Lausanne na mamia ya askari hao, bila ya kuwaambia sababu, akalitaka baraza la mji livunje utii kwa Bern. Baraza lilimpokea kwa maneno matamu, likapeleka habari Bern usiku, na asubuhi likamkamata. Alipohojiwa, na hata alipoteswa, hakutaja mshirika wa kibinadamu. Alimtaja yule mvunaji wa mwaka 1691. Alikatwa kichwa tarehe 24 Aprili 1723 huko Vidy. Leo nchi yake ina sanamu na nguzo za kumkumbuka. Mvunaji mwenyewe hakuacha hata jina, na katika hilo anafanana na wote waliozijenga kuta.

Utawala wa Bern ulianguka mwezi Januari 1798, jeshi la Ufaransa likiwa mlangoni. Lakini madeni ya kale hayakuanguka nao, kwani yalikuwa yameandikwa. Mwaka 1802 wakulima wa Vaud waliziendea ngome, wakatoa hati za kodi na kuzitia moto. Watu hao wakaitwa Bourla-papey, yaani wachoma karatasi. Mwanahistoria aweza kuzililia hati hizo, na mkulima aweza kumwuliza zilikuwa za nani.

Kwa upande mwingine wa mteremko, katika mji wa Vevey, kilikuwako chama cha wenye mashamba ambacho baadaye kiliitwa Confrérie des Vignerons. Kazi yake ilikuwa kukagua mizabibu. Wakaguzi walipita mashambani wakitazama kama imepogolewa vema, kama udongo umepaliliwa, kama kuta zimetengenezwa, kisha wakampa sifa au lawama yule aliyeitunza kwa ujira. Haifai kulisahau jambo hili: waliokagua walikuwa wenye ardhi, na waliokaguliwa walikuwa wenye majembe. Hata hivyo ukaguzi huo ulizaa heshima. Katika mwaka 1797, miezi michache tu kabla ya mapinduzi, chama kilijenga jukwaa katika uwanja wa soko na kuwavika mataji wafanyakazi waliokuwa bora, mbele ya watu wote. Sherehe hiyo imerudiwa kwa muda usiolingana, mara nyingine baada ya miaka 14, mara nyingine baada ya 28. Ile ya mwaka 2019 ilikuwa ya 12, na uwanja wake ulikuwa na viti 20,000 hivi. Mwaka 2016 shirika la UNESCO liliiingiza katika orodha ya urithi wa wanadamu usioshikika. Ni nadra katika Ulaya kuona sikukuu kubwa namna hiyo ambayo kiini chake ni kumsifu kibarua kwa kupogoa vizuri.

Reli ilipita kando ya ziwa mwaka 1861, na kwa njia ya reli divai rahisi ya nchi za kusini ilifika kwa wanywaji waliokuwa wa Lavaux. Mwaka 1874 mdudu filoksera, alaye mizizi ya mzabibu, aligunduliwa karibu na Geneva, na miaka iliyofuata mizabibu ikalazimika kung'olewa na kupandwa upya juu ya mashina ya Kimarekani. Kuta zilibaki, mimea iliyo juu yake ni mipya kuliko wageni wengi wanavyodhani.

Hatari ya karne ya 20 ilikuwa ya namna nyingine: nyumba. Mteremko wenye jua na ziwa mbele yake ulikuwa na thamani kubwa zaidi kwa mjenzi kuliko kwa mkulima. Franz Weber, mtetezi wa mazingira, aliwaita wapiga kura wa Vaud, nao mwaka 1977 wakakubali kuilinda Lavaux katika katiba yao. Wakathibitisha mwaka 2005, na mwaka 2007 UNESCO ikaitia nchi hiyo katika Urithi wa Dunia. Weber alipotaka mwaka 2014 sheria iwe kali zaidi, wapiga kura walimkatalia, wakachagua shauri jepesi la serikali. Wakulima wengi walikuwa kinyume chake. Waliona kwamba mteremko ulikuwa ukifanywa picha, na kwamba wao walitakiwa wakae ndani ya picha hiyo bila ya kujenga hata banda la kuwekea vifaa. Hoja yao haikuwa dhaifu. Shamba lisilomlisha mkulima huachwa, na ukuta ulioachwa hubomoka, na hapana kifungu cha katiba kinachoinua jiwe.

Zabibu zikiisha kukamuliwa, wavunaji, ambao wengi wao siku hizi hutoka Ureno na Polandi, hurudi kwao. Katika majira ya baridi udongo ulioteremshwa na mvua hukusanywa chini ya kila daraja na kurudishwa juu. Zamani ulipandishwa kwa matenga, mgongoni mwa wanaume na wanawake. Sasa mahali pengi hupandishwa kwa kigari kidogo kinachotambaa juu ya chuma kimoja kando ya ukuta.