Akiba ya Uzeeni: Kisa cha Wamalay na Godoro

Mwezi huu wengi wetu tunapiga hesabu ya mali ili tutoe Zaka, na hapo ndipo mtu hujua hasa alicho nacho na asicho nacho. Basi tuzungumze kidogo kuhusu pesa za zile siku ambazo mkono hautaweza tena kazi. Nitakupeleka mbali, hadi Malaysia, kisha tutarudi nyumbani.

Kabla ya 1963, mkulima wa Kimalay aliyetaka kwenda Makka alianza kuweka pesa angali kijana. Benki hakwenda, aliogopa riba. Alizificha chini ya godoro, ndani ya mto wa kulalia, au akazifukia ardhini. Miaka na miaka zimelala pale pale, hazizai, na huku bei za vitu zinapanda. Siku ya kulipa nauli ya meli, pesa hazitoshi. Afanye nini? Anauza ng'ombe. Anauza na shamba la mpunga. Anakwenda Hijja, anarudi Alhaji, watu wanampa heshima yake, lakini hana pa kulima na nguvu zimekwisha. Uzee wake wote unawaangukia watoto, nao watoto hawana shamba la kurithi.

Angalia vizuri hapo, kijana mwenzangu. Huyu mzee hakuwa mbadhirifu. Alijua kuweka akiba pengine kuliko mimi na wewe. Kilichomwangusha ni mahali alipoiweka.

Mwaka 1959, miaka miwili tu baada ya Malaya kupata uhuru, mwanauchumi mmoja wa chuo kikuu, Ungku Aziz, aliyekuwa na umri wa miaka 37, aliandikia serikali waraka kuhusu jambo hili. Hakusema watu waache kwenda Hijja, wala hakuwaambia wakubali riba. Alisema pawe na mfuko mmoja ambapo mwanakijiji ataweka kidogo kidogo, pesa ziingizwe katika biashara za halali, na faida agawiwe mwenye akiba. Mwaka 1962 Sheikh Mahmud Shaltut, mkuu wa al-Azhar, alizuru Malaya na akaliunga mkono wazo hilo. Mwezi Septemba 1963 mfuko ukafunguliwa. Waliojiunga mwanzo walikuwa watu 1,281, na jumla ya pesa zao ilikuwa dola 46,600 za huko. Gawanya mwenyewe: wastani wa dola 36 na ushei kwa kila mtu. Hizo ni pesa za wanyonge, si za matajiri.

Mwaka 1969 mfuko uliunganishwa na ofisi ya serikali iliyoshughulikia mahujaji, na leo unajulikana kama Tabung Haji. Una mashamba ya michikichi, majumba, na hisa za benki. Wenye akiba wamekuwa mamilioni. Wazazi huwafungulia hata watoto wadogo. Na kwa vile foleni ya Hijja huko sasa inahesabiwa kwa zaidi ya miaka 100, wengi wanautumia kama akiba ya maisha tu. Faida ya kila mwaka wenyewe huiita "hibah", ndilo neno letu hili hili hiba.

Lakini usidhani kila kitu kilikwenda sawa. Mwaka 2018 wakaguzi walikuta kwamba mwisho wa 2017 madeni ya mfuko yaliipita mali yake kwa ringgit bilioni 4.1. Ilibidi serikali iunde kampuni maalumu ya kuchukua mali zilizoshuka thamani. Hiba, ambayo kwa mwaka 2017 ilikuwa asilimia 4.5 mbali na nyongeza ya Hijja, kwa mwaka 2018 ikashuka hadi asilimia 1.25. Kwa hivyo jina la dini juu ya mlango halitoshi kulinda pesa ya mtu.

Sasa turudi kwetu. Kenya ilianzisha NSSF mwaka 1965, kwa walioajiriwa. Kwa miaka mingi, hadi Februari 2023, mfanyakazi alikatwa shilingi 200 kwa mwezi na mwajiri akaongeza 200. Toa kikokotoo: 400 mara miezi 12, mara miaka 30, ni shilingi 144,000 kabla ya faida. Hizo utakula na kulipa kodi ya nyumba miezi mingapi? Sheria iliyopandisha makato ilipitishwa 2013, ikakwama mahakamani karibu miaka kumi.

Na yule wa jua kali, mwuza viazi karai, baharia, fundi? Kwake mlango ulifunguliwa 2011 na mpango ulioitwa Mbao, yaani shilingi 20 kwa lugha ya mtaani, unatuma kwa simu. Mbao kila siku kwa miaka 30 ni shilingi 219,000 kabla ya faida. Si utajiri, lakini zinazipita zile 144,000 za mwenye ajira!

Kuna tatizo letu wenyewe ambalo hatulisemi waziwazi. Sehemu kubwa ya pesa za pensheni hapa Kenya huwekwa katika hati za serikali, ambazo hulipa riba. Wengi wetu tunakaa kando kwa sababu hiyo, na ni haki yetu. Ila tukishakaa kando, tunafanya nini? Tunarudi kwenye godoro la yule Mmalay. Au tunajenga vyumba vya kupangisha, jambo zuri, isipokuwa Mombasa wako wengi wenye nyumba juu ya ardhi ya mtu mwingine, na siku mwenye ardhi akiuza, pensheni yako imekwenda nayo.

Tangu 1997 tuna sheria inayosimamia mifuko ya kustaafu. Inataka kila mfuko usajiliwe, uwe na wadhamini, na pesa zishikwe na mtunzaji aliye mbali na yule anayeziwekeza. Ukiitwa kujiunga na mfuko wowote, hata ule unaojiita wa Kiislamu, uliza wadhamini ni akina nani, mtunzaji ni nani, hesabu zilikaguliwa lini. Kisha uliza ni shilingi ngapi katika kila mia ziko kwenye hati za riba, na uombe jibu hilo kwa maandishi.