Springi Ndogo katika Injini ya Mbio

Ndani ya injini ya motokaa mna milango midogo iitwayo vali. Mmoja huingiza hewa na petroli, mwingine hutoa moshi, na springi ndiyo iifungayo. Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, kila springi hubanwa na kuachiliwa mara 4,000 katika dakika hiyo.

Chuma nacho huchoka. Mkwaruzo mdogo huwa ufa, na ufa hukua kila springi ibanwapo, hata ikakatika ghafla. Hapo vali hubaki wazi, pistoni huigonga, na injini nzima huharibika. Wahenga walisema kweli: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wapendao mbio walitia springi ngumu zaidi, lakini ugumu huo ulizidisha msuguano na kuvila vyuma vinavyosukuma vali. Basi mafundi wakatafuta njia nyingine. Mwaka 1954 Mercedes-Benz ya Ujerumani ilileta gari la W196, ambalo vali zake zilifunguliwa na kufungwa kwa vyuma, pasipo springi. Juan Manuel Fangio wa Argentina alishinda nalo huko Reims, Ufaransa, mwaka huo, na mwaka 1955 akatwaa nalo ubingwa wa dunia. Mwaka 1986 Renault ya Ufaransa ilitia gesi iliyoshindiliwa mahali pa springi katika injini za mashindano.

Hata hivyo, motokaa nyingi za barabarani hutumia springi hadi leo. Atakaye kuuongezea mtambo mbio na aulize kwanza: kilicho kidogo kuliko vyote kitastahimili?