Rangi za Warumi na Hatari ya Jina Moja

Katika zoezi moja la tafsiri, tuliwapa wanafunzi wetu aya fupi kuhusu namna Warumi wa kale walivyotengeneza rangi kutokana na mawe na udongo. Tulidhani ugumu ungekuwa katika sarufi. Kumbe ulikuwa katika neno moja tu, jina la jiwe jekundu lenye zebaki ndani yake. Mwanafunzi mmoja alifungua kamusi, akapata "zingefuri", akaliandika na kuendelea. Mwenzake akamwuliza, "Hiyo si ndiyo rangi inayotiwa kwenye chakula?" Darasa likacheka, lakini swali lilikuwa la haki, nasi hatukuwa na jibu la papo hapo. Makala haya ni jibu letu.

Tuanze na Warumi wenyewe. Mengi tunayoyajua kuhusu rangi zao yametoka kwa waandishi wawili. Wa kwanza ni Vitruvius, mjenzi aliyeandika vitabu 10 kuhusu ujenzi katika karne ya 1 K.K.; kitabu cha 7 kinaeleza lipu na rangi za kuta. Wa pili ni Plinius Mzee, aliyefariki mwaka 79 B.K. wakati mlima Vesuvius ulipolipuka na kuifukia miji ya Pompeii na Herculaneum.

Rangi iliyokuwa rahisi kupatikana ni ya udongo. Udongo wa manjano wenye kutu ya chuma husagwa na kukorogwa katika maji. Mchanga mzito huzama upesi. Maji yenye vumbi laini humiminwa katika chombo kingine, huachwa yatuame, kisha tope lake hukaushwa. Udongo huo ukichomwa hupoteza maji yaliyofungika ndani yake na kugeuka mwekundu. Vitruvius anaeleza kuwa bonge la udongo wa manjano lilichomwa hadi likawaka, likazimwa kwa siki, likatoa rangi ya zambarau. Vesuvius nao ulifanya kazi hiyo bila kuagizwa: baadhi ya kuta za miji ile tunazoziona leo kuwa nyekundu zilipakwa manjano, zikabadilishwa na joto. Kiswahili hakina upungufu hapa. Tunalo neno "ngeu", udongo mwekundu ambao maseremala waliutumia kupigia mistari kwenye mbao.

Rangi ya buluu ilihitaji tanuri. Mchanga ulisagwa pamoja na magadi mpaka ukawa kama unga, ukachanganywa na shaba iliyokerezwa kwa tupa, ukafinyangwa kuwa madonge. Madonge yalikaushwa, yakatiwa katika chungu, na chungu kikawekwa tanurini. Vitruvius anasema ufundi huo ulianzia Alexandria, kisha Vestorius akaanzisha kiwanda huko Puteoli, Italia. Hakutaja chokaa, ingawa rangi hiyo haipatikani bila kalisi. Huenda ilikuwamo tayari katika mchanga. Mfasiri ajifunze hapo kwamba maelezo ya fundi huweza kuruka jambo ambalo fundi mwenyewe hakujua kuwa analitumia.

Ukutani, mafundi walipiga kwanza lipu ya kukwaruza, kisha tabaka 3 za chokaa na mchanga, na juu yake tabaka 3 za chokaa na unga wa marumaru. Rangi iliyochanganywa na maji ilipakwa lipu ikiwa mbichi. Hapakuhitajika gundi. Chokaa inapokauka huvuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe, nayo chembe za rangi hufungwa humo. Ndiyo sababu michoro ya Pompeii inasomeka hadi leo.

Sasa tufike kwenye jiwe lililotusumbua. Warumi waliliita "minium". Lilichimbwa hasa Sisapo, Hispania, likasafirishwa hadi Roma likiwa limetiwa muhuri, na sheria iliweka bei isiyozidi sestertii 70 kwa ratili. Kwa kuwa lilikuwa ghali, wateja ndio walioligharimia, na mafundi wadanganyifu waliosha brashi zao mara kwa mara ili rangi izame katika maji yao. Vitruvius anatoa njia ya kutambua ghushi: weka rangi juu ya bamba la chuma lililo motoni hadi igeuke nyeusi, kisha iache ipoe. Ikirudia wekundu wake ni safi. Ikibaki nyeusi imechanganywa.

Hata iliyo safi haikupenda jua. Karani mmoja aitwaye Faberius alipaka rangi hiyo kwenye kuta za ua wa nyumba yake katika kilima cha Aventine, na baada ya siku 30 zikawa na mabaka mabaya. Dawa yake ilikuwa kuupaka ukuta nta iliyoyeyushwa na mafuta kidogo, kuupasha moto kwa makaa, kisha kuusugua kwa kitambaa safi. Nao waliolisaga jiwe hilo, anasema Plinius, walifunika nyuso zao kwa ngozi ya kibofu cha mnyama ili wasivute vumbi lake. Walijua kuwa ni sumu.

Kama walijua, kwa nini watu walinyweshwa? Plinius analalamika kwamba waganga walitia "minium" katika dawa kwa sababu ya kosa la jina. Dawa iliyokusudiwa ni kitu chekundu kutoka mashariki kilichoitwa "cinnabaris". Plinius mwenyewe aliamini kuwa ni damu ya joka. Leo tunajua ni utomvu mkavu wa miti kama ile ya kisiwa cha Sokotra. Kwa kuwa jiwe la zebaki nalo liliitwa "cinnabaris", mgonjwa aliandikiwa utomvu akapewa jiwe. Baadaye hata "minium" ikahama, na siku hizi hutaja rangi nyekundu ya madini ya risasi, ambayo pia ni sumu.

Turudi kwa mwanafunzi wetu. "Zingefuri" ni neno lenye asili ya Kiarabu, na huko ni jina la jiwe la zebaki. Katika Kiswahili limechukua pia maana ya rangi itokanayo na mbegu za mzingefuri, mmea wenye asili ya Amerika ya kitropiki, na rangi hiyo huliwa. Hivyo mtego uliowanasa waganga wa Roma umo pia katika kamusi zetu: neno moja, vitu viwili vyekundu, kimoja chakula na kingine sumu.

Wapo watakaosema kwamba muktadha utatosha. Kwa hadithi, labda. Kwa maelezo ya dawa, kibandiko cha kopo la rangi au onyo la kiwandani, hautoshi. Tunawashauri walimu wenzetu wasiwaruhusu wanafunzi kuishia kwenye neno la kwanza wanaloliona katika kamusi. Mwanafunzi aulize: kitu hiki ni nini, kinatoka wapi, na atakayesoma atakifanyia nini? Darasa letu lilikubaliana kuandika "zingefuri ya jiwe, yenye zebaki". Ni maneno mengi kuliko moja, lakini hakuna atakayeitia mchuzini.