Pikapu ya Gia na Mikono Iliyoidumisha

Ukiuliza kwa nini pikapu ya gia za mkono imedumu katika barabara za Afrika Mashariki kuliko karibu gari dogo lingine lolote, utajibiwa kwa neno moja: ngumu. Wenye magari wanasema hivyo, wauzaji wanasema hivyo, na matangazo ya biashara yamelishikilia neno hilo tangu zamani. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini linampa sifa yote mhandisi wa Japani, Ufaransa au Uingereza aliyelichora gari, na linawafuta kwenye historia watu waliolifanya liendelee kutembea hata baada ya mhandisi huyo kustaafu. Ninashikilia kwamba pikapu ilidumu kwa sababu ya namna inavyoharibika. Huharibika kipande kwa kipande, hutoa dalili mapema, na ubovu wake hukaa mahali ambapo fundi mwenye spana, jeki na nyundo anaweza kufika. Usafiri wetu ulijengwa na watu ambao hawakuwa na fedha nyingi kwa mkupuo ila walipata kidogo kila siku, na gari lililowafaa ni lile ambalo ubovu wake ungeweza kulipiwa kidogo kidogo vilevile.

Ujuzi wenyewe ulianza mapema, na Land Rover ndiyo iliyoufundisha. Gari hilo lilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, likiwa na bodi ya aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, na haikuchukua muda likawa chombo cha kazi cha idara za serikali ya kikoloni, misheni na mashamba makubwa ya Tanganyika na Kenya. Giaboksi yake ya miaka ile haikuwa na huruma. Gia ya tatu na ya nne ziliingia kwa ulaini, lakini ya kwanza na ya pili hazikuwa na ringi za kusawazisha mwendo wa meno, na ilikuwa hivyo hadi toleo la Series III lilipotoka mwaka 1971. Dereva aliyekuwa akipanda mlima na kutaka kurudi gia ya pili alikanyaga klachi, akaitoa gia ikae huru, akaiachia klachi, akaongeza mafuta kwa kipimo cha sikio, akakanyaga klachi mara ya pili, ndipo akaingiza gia. Akikosea, meno yalisagana na kila aliyekuwa ndani alisikia. Kazi ya namna hiyo ilimfanya dereva awe nusu fundi kabla hajashika spana, kwa sababu alilazimika kujua ndani ya lile boksi la chuma kunafanyika nini. Ndiyo maana udereva ulihesabiwa kuwa ufundi wenye heshima, na utingo naye alikuwa mwanafunzi, hata kama siku nzima alionekana akipakia na kupakua mizigo. Karakana za serikali, za reli na za misheni zikawa shule, na baada ya uhuru waliotoka humo walikwenda na ujuzi wao mitaani.

Hata hivyo, Land Rover ilibaki zaidi gari la ofisi. Gari lililoufikisha ujuzi huo kwa mwananchi wa kawaida lilikuwa Peugeot, na baada yake pikapu za Wajapani. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mfululizo mwaka 1966, 1967 na 1968, na mara mbili kati ya hizo usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania. Zilizoshindana zilikuwa saluni, lakini mnunuzi wa pikapu ya 404 alijua kwamba chini yake mna ukoo uleule. Mkono wa gia ulikuwa kwenye usukani, kwa hiyo kiti cha mbele kiliweza kubeba watu watatu, na kwa mfanyabiashara nafasi moja ya ziada ni pesa. Zikafuata 504, Datsun, Isuzu, na Hilux, ambayo Toyota ilianza kuiuza mwaka 1968. Viwanda vya kuunganisha magari vilivyoanzishwa Kenya miaka ya 1970, huko Thika, Nairobi na Mombasa, vilileta pikapu mpya ambazo vipuri vyake havikuwa vigeni kwa mtu yeyote. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalumu, na pikapu nyingi zikafungwa mabenchi nyuma na kufunikwa. Dar es Salaam kazi hiyohiyo ilifanywa na zile zilizoitwa chai maharage, abiria wakikaa wametazamana kwenye mabenchi ya mbao, nazo zilifanya kazi kwa kujificha hadi serikali ilipowaruhusu watu binafsi kubeba abiria mwaka 1983 kwa kuwa mabasi ya UDA, shirika la umma la usafiri la jiji hilo, yalikuwa yamezidiwa.

Katika biashara hii kulikuwa na utaratibu mmoja ambao ndio ushahidi wangu mkubwa, nao ni hesabu. Jioni dereva humpelekea tajiri kiasi walichokubaliana, na kinachobaki baada ya kujaza mafuta ni chake na utingo wake. Tajiri huyo mara nyingi si tajiri kwa maana ya kawaida. Anaweza kuwa mwalimu, mkulima wa kahawa au mwenye duka, na gari ndilo akiba yake yote. Kwa mtu kama huyo swali la kwanza si mara ngapi gari litaharibika. Swali lake ni kama ubovu mmoja unaweza kula mapato ya mwezi mzima kwa siku moja. Tazama klachi, ambayo ndiyo huchakaa kwanza katika gari la mizigo. Haifi ghafla. Kwanza pedeli hushikia juu, kisha gari likiwa na mzigo mlimani injini inapiga kelele na mwendo hauongezeki, kisha inakuja harufu ya kuungua ambayo hata abiria wanaijua. Tajiri ana muda wa kujipanga. Siku ikifika, fundi analala chini ya gari, anafungua propela, anatoa bolti zinazoishikilia giaboksi kwenye injini, na wawili wanaishusha kifuani mwao. Ikiwa pleti mpya haipatikani au bei yake haishikiki, ile ya zamani haitupwi: ribiti zake zinatobolewa, ngozi iliyokwisha inaondolewa, na ngozi mpya inagongwa kwa ribiti mpya juu ya chuma kilekile. Ikiwa flaiwili ina mikwaruzo, inapelekwa kukerezwa. Kila hatua ina fundi wake na bei yake, na kila bei inaweza kujadiliwa. Giaboksi ya otomatiki haigawanyiki hivyo. Ikichoka, pleti zake nyingi ndogo, njia zake za mafuta na vali zake huharibiana zenyewe kwa zenyewe, na mara nyingi dawa ni kununua nyingine nzima iliyotoka kwenye gari jingine.

Hapa lipo pingamizi la haki, kwamba ninawanyima wahandisi sifa yao: kwamba hakuna fundi wa gereji za Gerezani, Dar es Salaam, angeokoa chuma kibovu. Nakubali nusu. Fremu iliyo peke yake chini ya bodi, springi za vyuma vilivyopangwa, injini iliyolala kwa urefu na giaboksi nyuma yake, vyote hivyo ni uamuzi wa mchoraji, na vilimwachia fundi nafasi ya kuingiza mkono. Lakini miaka ya mwanzo ya 1980 Tanzania ilikuwa mtihani uliotenganisha sifa ya kiwanda na sifa ya fundi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha hazina, bei ya mafuta ilikuwa imepanda, na fedha za kigeni za kuagizia vipuri hazikuwapo. Magari ya viwanda bora kabisa yalisimama juu ya mawe kwa kukosa kitu kidogo kama beringi. Yaliyoendelea kutembea ni yale yaliyokuwa mengi kiasi cha kupata wenzao wa kuvuliwa vipuri, na yale ambayo kipande chake kingeweza kukerezwa, kuchomelewa au kubadilishwa na cha gari la ukoo mwingine. Springi iliyolala ilikunjwa upya na mfua chuma na kuongezewa kipande. Iliyovunjika kabisa ikawa panga au jembe. Serikali ilipolegeza masharti mwaka 1984 na kuruhusu watu waingize bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na baadaye chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi biashara ilipofunguka zaidi, Hilux za dizeli zilizoingia ziliwakuta mafundi tayari. Hazikuja kuwafundisha kazi. Zilifuata mahali ambapo kazi ilikuwa inajulikana.

Wengine watasema hayo yote ni lugha nzuri ya kuueleza umaskini, kwamba watu walishikilia magari ya gia kwa kuwa hawakuweza kumudu bora zaidi. Wanaosema hivyo watazame nani hununua Land Cruiser za mfululizo wa 70, zile ambazo Tanzania tunaziita mkonga. Mfululizo huo ulianza mwaka 1984, na injini yake ya 1HZ, yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2, ilikuja mwaka 1990. Wanunuzi wake wakubwa ni mashirika ya Umoja wa Mataifa, hospitali za misheni, migodi, hifadhi za wanyama na kampuni za utalii, watu ambao wangeweza kununua otomatiki bila kuhangaika. Wamebaki na gia za mkono kwa sababu gari likizimikia mbali na mji, betri ikiwa imekufa, watu wanne wanaweza kulisukuma, dereva akaweka gia ya pili, akaachia klachi, likawaka. Na kwa sababu ya miteremko. Dereva anayeshuka Kitonga au Sekenke na mzigo hushuka na gia: anaweka ya chini kabla mteremko haujaanza, injini inashikilia uzito, na breki zinabaki baridi kwa ajili ya kona. Otomatiki nayo ina nafasi ya gia ya chini, hilo ni kweli, lakini zile za zamani hazishikilii kwa nguvu ileile.

Pingamizi linaloniuma ni la usalama, na sitaki kulipita haraka. Utamaduni huuhuu wa kutengeneza kwa kilichopo umeua watu. Pikapu ya tani moja iliyoongezewa vyuma vya springi hubeba tani mbili, lakini breki zake hubaki za tani moja. Kipuri feki huuzwa ndani ya boksi lenye nembo halisi. Abiria waliokaa kwenye mabenchi ya mbao bila mkanda wala ukuta wa maana hawakuwa na kinga yoyote gari lilipopinduka, na familia zao zililipa gharama ambayo haikuingia kwenye hesabu ya jioni. Mtu anayeisifu gereji ya chini ya mwarobaini na kuyaacha haya hasemi kweli. Hata hivyo lazima tutofautishe uamuzi wa nani ulileta nini. Kuzidisha mzigo kulikuwa uamuzi wa biashara, na kuacha magari yapite bila ukaguzi kulikuwa uamuzi wa wenye mamlaka. Fundi mara nyingi ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho kusema kwamba gari halifai kutoka, na hakukuwa na sheria iliyolipa neno lake uzito. Kama karakana za mitaani zingetambuliwa na kupewa mamlaka ya kukataa, ujuzi huohuo ungeokoa wengi.

Siku hizi watu wengi huizungumzia otomatiki kama adui wa pikapu ya gia, na mijini kweli imeshinda. Saluni zilizotumika kutoka Japani ni otomatiki karibu zote, na foleni za Dar es Salaam na Nairobi zinachosha mguu wa kushoto kiasi kwamba hakuna wa kulaumiwa. Pikapu zilipita njia nyingine. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na haikuirudisha hadi 2017, kwa hiyo Hilux za kizazi cha Vigo zilitufikia kutoka viwanda vya nje ya Japani, hasa Thailand na Afrika Kusini, ambako gia za mkono zilibaki jambo la kawaida. Nadhani mabadiliko makubwa yako mahali pengine, mbele ya giaboksi. Katika injini za zamani za dizeli kama 2L na 1HZ, fundi wa nozo hufunga nozo kwenye pampu ya mkono, anaibana, anatazama mafuta yanavyotoka: yakitoka kama ukungu ni nzima, yakidondoka haifai. Jicho lake ndilo kipimo. Katika injini mpya zaidi za dizeli, za D-4D, kompyuta ndiyo inayoamua mafuta yaingie lini na kiasi gani, presha ni kubwa mno kwa pampu ile, na injekta moja ikileta shida dalili huonekana kwenye skrini ya mashine ambayo gereji nyingi hazina. Gari linaweza kuwa na klachi na gia tano, na bado likasimama kwa ubovu ambao dereva hakuusikia ukija na ambao tajiri hawezi kuulipia kwa awamu. Mwaka 2023 Toyota iliirudisha Land Cruiser ya 70 katika soko la Japani ikiwa na injini ya lita 2.8 na giaboksi ya otomatiki pekee, wakati 1HZ ya gia bado inauzwa katika nchi za Afrika. Tofauti hiyo itadumu kwa muda ambao viwanda vitaona inavilipa, na muda huo ndio walio nao vyuo vya ufundi vya VETA na wenye gereji kumweka fundi wa nozo mbele ya kompyuta kabla injini za zamani hazijaacha kuja.